Nani Anaruhusiwa Kusoma? Historia ya ruhusa za faili, kutoka MIT mpaka Gitega na Muyinga

 Historia ya leo haina mfalme wala vita. Ni historia ya maneno mawili ambayo mashini inayaandika pale seva inapokataa kuwaka: Permission denied. Yaani: ruhusa imekataliwa.

Sa hizi karibu kila kambi na kila mtaa una kijana mmoja anayeitwa "fundi wa kompyuta". Ndo huyo anayepewa funguo za maktaba, ndo huyo anayeamshwa wakati waifai ya shule imekufa. Mashini ikimwandikia maneno yale mawili, anaingia kwenye simu, anatafuta, na anapata dawa moja ileile: andika chmod 777, maliza. Anaandika. Seva inawaka. Watu wanapiga makofi.

Mimi nataka tujiulize kitu kimoja kabla ya makofi. Huo mlango uliofungwa, nani aliuweka? Kwa nini aliuweka? Na sisi, watu ambao majina yetu yamo kwenye orodha nyingi kuliko watu wengine, tunapoteza nini tukiung'oa?

1. MASHINI MOJA, WATU WENGI

Zamani kompyuta ilikuwa ya mtu mmoja kwa wakati mmoja. Unaleta kadi zako zenye matundu, unapanga foleni, mashini inafanya kazi yako, unaondoka, anaingia mwingine. Hapo hakuna haja ya ruhusa. Aliyeko ndani ya chumba ndo mwenye chumba.

Mambo yalibadilika mwezi wa 11 mwaka 1961, chuo cha MIT huko Marekani. Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo ulioitwa CTSS. Huo mfumo uliruhusu watu wengi kutumia kompyuta moja kwa pamoja, kila mtu kwenye kiti chake, kila mtu na faili zake. Sasa swali likazaliwa: faili hii ni ya nani? Nani anaweza kuisoma? Jibu lao la kwanza lilikuwa neno la siri. Kila mtu alipewa la kwake.

Halikudumu hata mwaka. Mwaka 1962 mwanafunzi mmoja, Allan Scherr, alikuwa amepewa saa 4 tu kwa wiki za kutumia mashini, na kazi yake ya udaktari haikutosha ndani ya hizo saa. Alifanya nini? Mfumo ulikuwa na njia ya kuomba faili ichapishwe kwenye karatasi: unaleta kadi yenye namba ya akaunti na jina la faili, unarudi baadaye kuchukua karatasi zako. Usiku wa Ijumaa aliomba ichapishwe faili ya maneno ya siri ya watu wote. Jumamosi asubuhi na mapema akaenda kuichukua. Hakuvunja kitu. Faili ilikuwa inasomeka na mtu yeyote anayejua kuomba, basi. Alikuja kukiri miaka mingi baadaye.

Mwaka 1966 ikatokea balaa kubwa zaidi. Programu ya kuandikia kwenye CTSS ilitumia faili ya muda yenye jina lilelile kila siku, kwa sababu walioitengeneza walifikiri mtu mmoja tu ndo atafanya kazi ndani ya folda moja kwa wakati mmoja. Siku moja wakuu wawili wa mfumo walikuwa wanaandika kwa pamoja: mmoja anaandika tangazo la siku, mwingine anarekebisha orodha ya maneno ya siri. Faili mbili zikabadilishana nafasi. Kila mtu aliyeingia kwenye mfumo, badala ya kusalimiwa na tangazo, alionyeshwa maneno ya siri ya watumiaji wote wa mfumo.

Hapo hakuna mwizi. Hakuna adui. Ni kazi ya kawaida ya watu wawili wazuri. Shikeni hilo, kwa sababu wengi tunafikiri ulinzi ni kwa ajili ya wezi peke yao.

2. HERUFI TATU

MIT, kampuni ya General Electric na maabara ya Bell walianza mwaka 1965 kujenga mfumo mkubwa, Multics. Ulikuwa mzito, ulichelewa, na mwaka 1969 Bell wakajitoa. Vijana wawili wa Bell, Ken Thompson na Dennis Ritchie, walibaki bila mfumo waliouzoea. Mwaka huohuo Thompson akachukua kompyuta ndogo iliyokuwa haina mtu, PDP-7, akaandika mfumo wake mwenyewe. Ndo Unix. Kitabu cha kwanza cha maelezo yake kina tarehe ya 3 Novemba 1971.

Katika toleo hilo la kwanza, dunia iligawanyika mafungu mawili tu: mwenye faili, na wengine wote. Baada ya miaka michache likaongezwa fungu la katikati, kundi. Na mpaka leo, miaka zaidi ya 50 baadaye, seva yoyote ya Linux unayoigusa bado inauliza maswali yaleyale matatu kwa watu walewale watatu. Mwenyewe, kundi, wengine. Kila mmoja: anaweza kusoma (r)? kuandika (w)? kutekeleza (x)?

Hesabu yake ni rahisi kuliko hesabu ya soko. Kusoma ni 4, kuandika ni 2, kutekeleza ni 1. Unajumlisha. Faili yenye 640: mwenyewe ana 6, yaani anasoma na kuandika, kundi lina 4, linasoma tu, wengine wana 0, hawana kitu. Na 777? Kila mtu ana kila kitu. Mwenyewe, kundi, mpita njia, na programu yoyote mbovu iliyoingia kwa bahati mbaya.

Ritchie aliongeza wazo lingine ambalo watu wengi hawalijui. Kuna kazi ambazo mtu wa kawaida anahitaji kuzifanya lakini hapaswi kupewa funguo zote. Mfano: kubadilisha neno lake la siri. Orodha ya maneno ya siri ni ya mkuu wa mfumo, anayeitwa root. Sasa raia ataandikaje ndani yake? Ritchie aliweka alama juu ya programu, setuid: ukiiendesha programu hiyo, kwa muda huo mfupi inafanya kazi kwa mamlaka ya mwenye programu, si kwa mamlaka yako. Ombi la hataza lilipelekwa mwaka 1973, likapata namba mwaka 1979, kisha likaachwa litumiwe na watu wote. Mtarudi kuiona alama hii mbele, kwa sababu 777 inaiua.

3. RUGO NA MALANGO YAKE

Aliyeishi kwenye vilima vya Burundi anaujua rugo: ua la miti, ndani yake ua lingine, na nyumba iko katikati. Kuingia unapita kwenye irembo, lango. Ukikubaliwa kwenye lango la nje, bado hujafika. Kuna lango la pili. Hata kama mlango wa nyumba yenyewe uko wazi kabisa, lango la nje likifungwa hufiki.

Folda za kompyuta ndo hivyohivyo. Kwenye folda, ile x haina maana ya "kutekeleza". Maana yake ni "kupita". Chukua faili iliyoko /home/amani/tovuti/index.html. Seva inapita lango la /, kisha home, kisha amani, kisha tovuti. Ukiipa faili ya mwisho ruhusa zote za dunia, na folda ya amani ina 700, seva inabaki nje ya lango la amani. Wewe unaangalia faili na kusema "mbona iko wazi?" Iko wazi kweli. Lango ndo limefungwa.

Kuna amri moja nzuri inayoonyesha malango yote kwa mstari mmoja mmoja, kutoka la nje mpaka la ndani: namei -l, kisha njia ya faili. Usome kuanzia juu. Pale penye x iliyokosekana, ndo hapo.

Na lile fungu la katikati, kundi, tunaweza kulielewa bila kwenda mbali. Karibu na mji wa Gitega kuna Gishora, mahali patakatifu pa ngoma za kifalme, panapohusishwa na mwami Mwezi Gisabo. Ngoma ile si ya mtu yeyote apitaye. Ina watunzaji wake, abatimbo, watu wa koo zilizopewa kazi hiyo na kuirithi. Watu wote wanaruhusiwa kusikia, wachache wanaruhusiwa kupiga. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka ngoma hiyo kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Kupanga watu katika mafungu matatu, mwenyewe, ukoo wa kazi, na wageni, si jambo lililoletwa na Wamarekani. Wao waliliandika kwa namba tu.

4. KWA NINI SEVA HAIWAKI

Mpaka hapa tumeongea juu ya faili. Sasa kuwaka.

Mwaka 1983 Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilitoa Unix yake, 4.2BSD, yenye mtandao ndani. Humo kulikuwa na kanuni: milango ya mtandao yenye namba chini ya 1024 inafunguliwa na root peke yake. Wazo lilikuwa kwamba ukiongea na mlango mdogo kwenye mashini ya mwenzako, ujue unaongea na mkuu wa mashini, si na mwanafunzi mtundu aliyeigiza. Baadaye tovuti zikapewa mlango wa 80, na zile zenye ulinzi mlango wa 443. Zote ziko chini ya 1024. Kwa hiyo hata leo, ukijaribu kuwasha seva ya tovuti kama mtu wa kawaida, inakufa palepale na maneno yetu mawili.

Watu wa Apache, seva iliyotoka mwaka 1995, walitatua hivi: seva inazaliwa ikiwa root, inafungua mlango wa 80, inafungua daftari zake za kumbukumbu, halafu inavua joho. Wanaopokea wageni ni watoto wake, na hao hawana ukuu wowote. Kwenye Debian na Ubuntu wanaitwa www-data. Mwizi akimteka mtoto mmoja, amemteka mtu maskini asiyemiliki kitu.

Ukielewa hilo umeelewa nusu ya matatizo yote. Wewe unapojaribu faili kwa mkono, unaifungua kama wewe, au kama root kupitia sudo. Inafunguka. Seva inapojaribu, inaifungua kama www-data. Inakataliwa. Unasema mashini imelogwa. Haijalogwa, ni watu wawili tofauti mbele ya mlango mmoja.

Sudo yenyewe ilizaliwa mwaka 1980 hivi katika chuo kikuu cha Buffalo, jimbo la New York, ili mtu aazime ukuu kwa amri moja tu kisha aurudishe. Mwaka 2004 ikaja Ubuntu, ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na yenyewe ikaufunga kabisa mlango wa root; kila mtu apitie sudo. Jina lake sisi hatuhitaji kamusi. Kwa Kirundi ubuntu ni utu na ukarimu, na kitu cha ku buntu ni kitu cha bure. Sawasawa na programu yenyewe.

5. SEVA INAPANDA MLIMANI

Haya yote yalifikaje kwetu? Kwa barabara ileile ya malori. Mkongo wa bahari wa SEACOM uliwashwa Dar es Salaam mwaka 2009, ukafuatwa na EASSy mwaka 2010. Tanzania ikatandaza mkongo wake wa nchi kavu mpaka mipakani, na Kabanga ni moja ya sehemu za kuunganishia Burundi. Ng'ambo ya Kabanga ni Kobero, na Kobero ni Muyinga. Wengi wetu tunaijua njia hiyo kwa miguu au kwa basi. Taarifa zinaipita kwa mwanga. (Tangu mabadiliko ya mikoa ya 2025 Muyinga iko ndani ya Buhumuza, lakini watu bado wanasema Muyinga, na mimi nasema hivyo.) Gitega nayo ikawa mji mkuu wa siasa kwa uamuzi wa bunge wa Januari 2019.

Lakini kwa wakimbizi, seva haikungoja mkongo. Mwaka 2014 kambi za Wakongo hapa Burundi, Kavumu ya Cankuzo na Bwagiriza ya Ruyigi, zilikuwa kati ya za kwanza duniani kupokea Ideas Box, maktaba ya kukunja ya shirika la Bibliothèques Sans Frontières likishirikiana na UNHCR, iliyochorwa na Philippe Starck. Ndani: vitabu, tableti, sinema, na seva. Shirika hilohilo lilitengeneza pia KoomBook, kisanduku kidogo kinachotoa waifai bila intaneti, na ndani yake Linux. Wengine wanatumia Kiwix, iliyoanza mwaka 2007, inayobeba Wikipedia nzima bila mtandao, juu ya Raspberry Pi, kompyuta ndogo kama kiganja iliyoanza kuuzwa mwaka 2012.

Tazameni maana yake. Mfumo uliobuniwa kwa ajili ya watafiti wa Amerika sasa unatunzwa na kijana wa kambini ambaye hana mtu wa kumpigia simu. Na mazingira yetu yanaleta makosa ambayo vitabu vya huko vinayataja kwa haraka tu. Nataja matatu.

La kwanza, flashi. Huku vitu vinasafiri kwa flashi na diski za nje, kutoka Gitega mpaka Muyinga, mfukoni. Nyingi zimeandaliwa kwa mtindo wa FAT, uliozaliwa enzi za kompyuta za mtu mmoja. FAT haijui mwenyewe wala kundi. Kwa hiyo unaandika chmod, mashini haibadilishi kitu, unaandika tena, unachoka. Ruhusa za flashi kama hiyo zinapangwa wakati wa kuiunganisha, si baadaye; na ukiweza, andaa diski ya seva kwa mtindo wa ext4. Tena FAT32 haipokei faili ya kufikia GB 4. Wikipedia ya Kifaransa nzima haiwezi kuingia humo. Hilo si tatizo la ruhusa kabisa.

La pili, lango la /media. Ukichomeka flashi kwenye mashini yenye skrini, inaunganishwa chini ya /media na jina lako, na lango hilo linafunguliwa kwako peke yako. Wewe unaziona faili zote. Kiwix inayowashwa na mfumo kama mtu mwingine haioni hata moja. Dawa ni kuiunganisha diski mahali pa kudumu, kupitia /etc/fstab.

La tatu, umeme. Umeme unakatika ghafla, memori kadi inaumia, na Linux ikiamka inagundua jeraha. Ili isiharibu zaidi, inaifungua diski kwa kusoma tu. Seva inashindwa kuandika kumbukumbu zake, inakufa. Hapo maneno ni tofauti: Read-only file system. Anayesoma haraka anaona "imekataa kuandika", anakimbilia chmod. Haitasaidia. Hapo unanakili vitu vyako kwanza, unakagua diski kwa fsck, na unatafuta betri.

6. DAWA YA 777

Sasa turudi kwenye dawa ya simu. Je, 777 inaponya? Mara nyingine ndiyo. Ndo ubaya wake. Inaponya dalili na inaficha ugonjwa.

Kuna programu ambazo zinakataa kuwaka kwa sababu umefungua MNO. SSH, iliyoandikwa na Tatu Ylönen wa Finland mwaka 1995 baada ya maneno ya siri kuibwa kwenye mtandao wa chuo chake, haikubali ufunguo wako wa siri kama wengine wanaweza kuusoma. PostgreSQL haiwaki kama folda yake ya data iko wazi kwa wengine. Na aliyeandika chmod -R 777 kuanzia kwenye / ameua sudo yenyewe, kwa sababu ile alama ya setuid ya Ritchie imefutika. Sasa hana hata njia ya kujiazima ukuu ili arekebishe. Amefungua kila mlango wa nyumba na kujifungia nje.

Lakini hiyo ni hasara ya mashini. Kuna hasara ya watu.

Sisi wa Maziwa Makuu tunajua orodha ni nini. Wabelgiji walipotawala Ruanda-Urundi, mwanzoni mwa miaka ya 1930 waliandika kabila la mtu kwenye kitambulisho huko Rwanda. Mwaka 1994 karatasi hiyo, mkononi mwa mlinzi wa kizuizi, ilitosha kuwa hukumu. Huko Uholanzi, tarehe 27 Machi 1943, wapinzani wa Wajerumani walilipua ofisi ya usajili ya Amsterdam ili kadi za raia ziungue, kwa sababu ndo zilizotumiwa kuwawinda Wayahudi. Baadhi yao waliuawa kwa kosa hilo. Watu walikufa kwa ajili ya swali hili: nani anaruhusiwa kusoma?

Mnasema hiyo ni zamani. Basi tarehe 19 Januari 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba seva zake zimevamiwa. Data za watu zaidi ya 515,000 zilifikiwa: watu waliopotezana na familia kwa vita au uhamiaji, watu waliokuwa wanatafutwa na ndugu zao, na waliofungwa. Wavamizi walikuwa wameingia tangu Novemba 2021, kupitia programu yenye tundu ambalo dawa yake ilikuwepo na haikuwekwa kwa wakati. Hiyo haikuwa 777, nisiwadanganye. Lakini wale ni sisi. Ni mama aliyeandikisha jina la mtoto aliyepotelea njiani.

Sasa angalieni mashini zetu ndogo. Kwenye seva ya maktaba kuna masomo, hayo acha yasomwe na dunia nzima. Ila mara nyingi mashini hiyohiyo inaongezewa kitu: orodha ya wanafunzi, namba za kaya, foto za watoto, daftari la wasichana waliokuja kuomba ushauri. "Weka tu humo, kuna nafasi." Siku seva ikikataa na mtu akaandika 777 juu ya folda kubwa, vitu vyote vimekuwa soko. Yeyote anayepata tundu dogo kwenye tovuti yako anasoma mpaka chini. Na anaweza kuandika pia: kufuta jina, kuongeza jina. Kambini jina kufutwa si jambo dogo.

7. NJIA YA KUFUATA

Mimi si mtu wa kukataza bila kutoa kingine. Seva ikikataa, fuata mpango huu, kwa utaratibu, usiruke:

a) Soma maneno yote, si mstari wa mwisho tu. Kwenye mashini za leo andika journalctl -u na jina la huduma. Permission denied, Read-only file system, No such file or directory na Address already in use ni magonjwa manne tofauti. La mwisho lina maana mlango umeshashikwa na programu nyingine. Amri ya ss -ltnp itakuonyesha nani.

b) Uliza: huduma hii inafanya kazi kwa jina la nani? www-data? Jina lingine? Tazama kwa ps, au kwenye faili ya huduma, penye User=.

c) Vaa viatu vyake. Andika sudo -u www-data cat na njia ya faili. Ikikataa na wewe, umeliona tatizo kwa macho ya seva.

d) Kagua malango yote kwa namei -l.

e) Kagua diski: df -h kuona kama imejaa, mount kuona kama imefunguliwa kwa kusoma tu.

f) Kama yote ni sawa na bado inakataa, kuna mlinzi wa pili. Red Hat na jamaa zake wana SELinux, iliyotolewa na shirika la usalama la Marekani, NSA, mwaka 2000. Debian na Ubuntu wana AppArmor. Mlinzi huyu haangalii 777 yako. Soma daftari lake, usimfukuze.

g) Rekebisha kidogo iwezekanavyo. Badilisha mwenyewe kwa chown au kundi kwa chgrp kabla ya kugusa namba. Folda za masomo 755, faili zake 644. Vitu vya watu: folda 750, faili 640, na visikae kabisa ndani ya folda ya tovuti.

h) Andika kwenye daftari la karatasi ulichobadilisha na tarehe. Siku ukipata safari, ukihamishwa, ukirudi nyumbani, mdogo wako atakayeshika funguo asianze gizani.

8. MWISHO

Kutoka kadi ya Allan Scherr mpaka kisanduku cha maktaba ya Kavumu ni zaidi ya miaka 50. Katika muda huo kila mlango ulioongezwa uliongezwa baada ya mtu kuumia. Kwa hiyo mashini inapoandika kwamba ruhusa imekataliwa, haikutukani. Inauliza swali la mwaka 1961: faili hii ni ya nani, na wewe unakuja kwa jina la nani?

Sisi swali hilo tunaulizwa kila siku kwenye maisha, kwenye foleni ya posho, kwenye barabara, kwenye biro. Tumechoka nalo, najua. Mtu aliyenyimwa ruhusa maisha yake yote akipewa mashini anapenda kufungua kila kitu kwa kila mtu. Moyo huo ni mzuri. Masomo, vitabu, Wikipedia, muziki: fungua, ni ku buntu. Ila jina la mama mwenye mtoto aliyepotea si lako kulifungua. Hapo ndo wewe, kijana wa Muyinga mwenye funguo za maktaba, unakuwa mtunzaji wa ngoma.

Mwenye swali aliandike hapa chini, pamoja na maneno kamili ambayo mashini imeandika. Tutasaidiana. Na kama kambini kwenu kuna seva yenye majina ya watu, wiki hii kaangalieni namba zake kwa ls -l. Mkikuta 777, msimgombeze aliyeiweka. Mkae naye, mpange tena malango moja baada ya jingine.